Kununua nyumba ya kupangisha Lubumbashi na kumlipa muuzaji kwa transhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka parsele (kiwanja chenye nyumba) yenye lokatere (wapangaji) ndani, hana bei yote mkononi, na mwenye parsele amekubali kupokea avansi sasa na salio kidogo kidogo, yaani kwa transhi. Bei zilizomo ni za kuonyesha hesabu tu. Weka tarakimu za kartye yako. Tukisema "pango" tunamaanisha pesa ya nyumba anayotoa lokatere, na "kodi" ni ile ya serikali.

Biashara hii inaachana wapi na mkopo wa benki?

Benki inakupa pesa, unamaliza na muuzaji siku ileile, unabaki na deni la benki. Huku muuzaji mwenyewe ndiye anayekudai. Hakuna mtu wa tatu aliyekagua karatasi, aliyepima nyumba, wala aliyeuliza kama mke wa muuzaji anajua habari hizi. Kazi zote ambazo benki ingezifanya ili kulinda pesa zake, sasa ni zako.

Muuzaji anakubali kwa sababu zake. Wanunuzi wenye bei yote taslimu ni wachache. Amezeeka na amechoka kugombana na lokatere. Au anahamia Kinshasa na anapenda kupata pesa kila mwezi kama pensheni. Muulize sababu yake mapema. Anayetaka pesa ya kila mwezi utapatana naye vizuri. Anayetaka avansi kubwa haraka, bila kujali salio, mchunguze mara mbili.

Kuna namna ngapi za kupatana?

Kwa kweli ni tatu.

Ya kwanza: mnauziana moja kwa moja, jina linahamishwa (ndiyo mutation) kwenye sertifika, yaani hati ya ardhi, mwanzoni kabisa, na siku hiyohiyo muuzaji anaandikiwa rehani, yaani hypothèque, juu ya parsele kwa salio analodai. Wewe ni mwenye nyumba tangu siku ya kwanza, naye ana dhamana iliyoandikwa kwa konservatere, mkuu wa ofisi inayotunza hati za ardhi. Hii ndiyo safi kuliko zote, na ndiyo ambayo wauzaji wengi wanaiogopa, kwa sababu wanaona jina lao linatoka kabla pesa haijaisha. Waeleze kwamba rehani inabaki kwenye sertifika mpaka wao wenyewe wakubali ifutwe. Huwezi kuiuza nyumba hiyo ukawakwepa.

Ya pili: mnaandikiana ahadi ya kuuziana (compromis), unaingia kwenye nyumba na kuanza kupokea pango, lakini jina halihamishwi mpaka transhi ya mwisho. Hii ndiyo inayofanyika sana. Inawezekana, ila hatari yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, tutaieleza chini.

Ya tatu ni ile wanayoiita location-vente: unalipa kama lokatere, na sehemu ya pesa inahesabiwa kwenye bei. Kwa nyumba ya kuishi wewe mwenyewe, inaweza kukufaa. Kwa nyumba ya kupangisha watu wengine haifai, maana wewe mwenyewe utakuwa lokatere unayeweka lokatere wengine, na muuzaji akikasirika anakutoa kama lokatere yeyote.

Nianze na karatasi gani?

Anza na sertifika, ile iliyoandikwa juu yake certificat d'enregistrement. Ardhi ya Congo ni mali ya Serikali. Ndivyo inavyosema sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia (concession), na haki hiyo inathibitishwa kisheria kwa sertifika. Karatasi nyingine zote ni njia ya kuelekea huko.

Omba kopi. Usikubali kuonyeshwa kwenye simu tu. Soma nambari ya volume na ya folio, nambari ya parsele kwenye kadastre, ukubwa, na jina. Kisha nenda wewe mwenyewe, au avoka wako, kwenye circonscription foncière (ofisi ya ardhi) inayosimamia kominu ile. Usimwachie komisionere (dalali) akuletee jibu. Andika barua kwa konservatere ukiuliza mambo manne: je, sertifika hii ni hai, jina lililopo kwenye kitabu ni lipi, je, kuna rehani, je, kuna kizuizi au pingamizi la mtu yeyote. Jibu liwe la maandishi.

Angalia pia aina ya haki. Concession ya kudumu (perpétuelle) hupewa Mcongomani aliye mtu binafsi. Kampuni na wageni hupata concession ya kawaida, ambayo muda wake haupiti miaka 25 kabla ya kufanywa upya. Ukinunua kwa kampuni ambayo imebakiza miaka 4, unanunua pia kazi ya kuomba muda mpya, na bei lazima ishuke.

Baada ya hapo toka ofisini uende uwanjani. Lipa mpimaji wa kadastre aje kutafuta mawe ya mipaka (bornes). Kama sertifika inasema ari 5, yaani mita za mraba 500, kiwanja cha mita 20 kwa 25, basi pima. Ukuta wa jirani uliosogea mita 2 kwenye upande wa mita 25 umekula mita za mraba 50, sehemu ya kumi ya ulichonunua. Ongea na majirani wa pande zote, mmoja mmoja, muuzaji asiwepo. Pita kwa shefu wa kartye. Pita pia kwenye greffe (ofisi ya karatasi) ya mahakama kuuliza kama kuna kesi juu ya parsele hiyo.

Mwisho, fakitire za REGIDESO (maji) na SNEL (umeme). Deni la maji la miaka mitatu halimfuati muuzaji anapohama. Linabaki kwenye mita.

Parsele haina sertifika, kuna livret de logeur tu, au fiche parcellaire. Ninunue?

Kwenye kominu za Kenya, Katuba au Kamalondo parsele nyingi zimekaa muda mrefu na livret de logeur, na pembeni ya mji, upande wa Annexe, utakutana na fiche, au karatasi ya shefu tu. Karatasi hizo zinaonyesha kwamba mtu anakaa pale na anajulikana. Hazimfanyi kuwa na sertifika.

Ukiipenda nyumba, geuza mpango: avansi isiende yote mfukoni mwa muuzaji. Sehemu yake ilipie kutafuta sertifika kwa jina la muuzaji, au lako akikubali, na ilipwe moja kwa moja kwenye ofisi, wewe ukibaki na ankara. Transhi za kila mwezi zianze sertifika itakapotoka. Muuzaji anayekataa jambo hili anajua kitu ambacho wewe hujakijua bado.

Na usilipe zaidi ya robo ya bei kabla ya karatasi kutoka. Hiyo si sheria, ni busara yetu.

Jina kwenye sertifika ni la baba aliyefariki. Mtoto mkubwa ndiye anauza.

Simama hapo kwanza. Kwa sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto wote wa marehemu wana haki kwenye urithi, hata wale waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa aliwatambua. Mke aliyebaki na ndugu nao wana nafasi zao. Mtoto mkubwa hauzi peke yake. Unahitaji cheti cha kifo, karatasi ya mahakama inayotaja warithi na anayesimamia urithi (liquidateur), na sahihi za warithi wote walio na umri. Kama kuna mtoto mdogo, avoka aongoze.

Mpango wa transhi unazidisha hatari hii. Mrithi aliye Afrika Kusini au Zambia hatapiga kelele mwezi wa kwanza. Atarudi likizo mwezi wa 20, ameona wenzake wamekula transhi 19, naye hajaona hata moja. Kwa hiyo mkataba useme pesa inagawanywaje, na kila mrithi alipwe kwa akaunti yake au aandike nani anapokea kwa niaba yake.

Muuzaji akiwa hai na ameoa, mwenzake atie sahihi pia. Nyumba ya pamoja haiuzwi wala kuwekwa rehani bila kukubaliana kwa wote wawili.

Tunaambiwa nyumba itajilipa yenyewe. Ni kweli?

Mara chache. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kutaja avansi.

Tuseme kuna parsele Kampemba, milango minne, yaani sehemu nne za kupangisha: mitatu kwa dola 120, mmoja dola 150. Jumla dola 510 kwa mwezi, 6,120 kwa mwaka. Bei ni 32,000.

Toa mwezi mmoja mtupu kwa mwaka, maana lokatere hutoka na mlango hukaa bila mtu: inabaki 5,610. Toa kodi ya mapato ya nyumba (IRL). Kiwango cha kawaida cha sheria ni asilimia 22 ya pango lote lililoingia, bila kutoa gharama: hiyo ni 1,234. Toa dola 612 za matengenezo, asilimia kumi ya pango la mwaka: bati, kufuli, rangi, bomba. Toa 250 za kodi ya parsele, kunyonya choo na vitu vidogo. Unabaki na dola 3,514 hivi. Kwa mwezi ni 293.

Sasa linganisha. Ukitoa avansi 12,000, salio ni 20,000. Kwa miezi 36 unadaiwa 555 kila mwezi, na nyumba inakupa 293. Dola 262 zitoke kwenye mshahara wako. Kwa miezi 60 transhi ni 333, bado unaongeza 40. Ni mpaka miezi 72, transhi 278, ndipo nyumba inajilipa, na hapo bado hakuna riba. Ukitaka kumaliza kwa miezi 48 bila kugusa mshahara, salio lisipite 14,000, maana yake avansi iwe 18,000.

Ukikuta hesabu inakukataa, usipunguze gharama ili ipite. Punguza bei, ongeza muda, au acha.

Muuzaji anasema hataki riba. Ni zawadi?

Angalia bei. Kama taslimu ni 28,000 na kwa transhi ni 32,000, riba iko ndani ya bei. Avansi 12,000, halafu transhi 40 za dola 500. Kwa hesabu ya kweli unakopa 16,000 (28,000 toa 12,000) na unarudisha 20,000. Ni zaidi kidogo ya asilimia 1.1 kwa mwezi, karibu 13.6 kwa mwaka. Si mbaya, lakini si zawadi.

Hatari iko kwenye "asilimia moja kwa mwezi" isiyoelezwa. Asilimia moja ya nini? Ikihesabiwa kila mara juu ya 16,000 za mwanzo, unalipa 160 × 40, yaani 6,400 za riba. Ikihesabiwa juu ya salio linalobaki, transhi ni kama 487 na riba yote ni karibu 3,490. Maneno ni yaleyale, tofauti ni karibu dola 2,900. Andikeni kwenye mkataba "juu ya salio linalobaki", na mfunge pamoja nao jedwali la transhi zote: tarehe, kiasi, riba, salio. Wote mtie sahihi kwenye kila ukurasa wa jedwali.

Andika pia kwamba unaweza kulipa mapema bila faini.

Mkataba uwe na nini zaidi ya bei?

Ufanyiwe kwa notere, si kwenye karatasi iliyopigwa chapa mtaani. Majina kamili na nambari za kitambulisho, nambari ya parsele, volume na folio, ukubwa, majengo yaliyomo na idadi ya milango. Hayo kila mtu anayakumbuka. Yanayosahaulika ni haya:

- Tarehe ambayo pango linaanza kuwa lako. Siku hiyo ndiyo pia kodi na matengenezo yanahamia kwako.
- Muuzaji asiiuze, asiiweke rehani, asiigawe parsele mpaka mwisho.
- Warithi wa kila upande wanafungwa na mkataba huu. Bila mstari huu, mkataba utagombaniwa kwenye matanga.
- Siku ngapi za neema transhi ikichelewa, faini ni kiasi gani, na baada ya transhi ngapi mkataba unavunjika.
- Ukivunjika, unarudishiwa nini. Tazama swali la kuchelewa.
- Ndani ya siku 15 baada ya transhi ya mwisho, muuzaji anakuja kwa konservatere kuhamisha jina. Nani analipa gharama za ofisi, na kiasi gani.
- Nyumba ikibomoka kwa mvua au moto, deni linaendeleaje.

Wengine hutegemea procuration: muuzaji anakupa nguvu ya kumwakilisha kwa konservatere mwisho wa malipo. Usiifanye kuwa ngao yako ya pekee. Procuration kwa kawaida inakufa pamoja na aliyeitoa, na wewe unaihitaji zaidi siku ambayo yeye hayupo.

Nani ashike sertifika wakati transhi zinaendelea?

Swali hili ni zito kuliko bei.

Ikibaki kwa muuzaji, anaweza kuiuza kwa mtu wa pili au kuikopea pesa. Kuuza mara mbili kitu ambacho si chako tena ni kosa la jinai, stellionat, lakini kumfunga muuzaji hakukurudishii nyumba. Na hapa ndipo watu wengi hawajui: sertifika mpya ikishatimiza miaka miwili, haishambuliwi tena, aliyedhulumiwa anabaki kudai fidia ya pesa tu. Sasa pima na jedwali lako. Ukilipa kwa miezi 40, na muuzaji akamwandikisha mtu wa pili kwa siri mwezi wa tatu, utakuja na transhi ya mwisho mkononi ukikuta miaka miwili imepita zamani.

Kwa hiyo, kama mmechagua namna ya pili, yaani jina kuhamishwa mwisho, fanya mambo matatu. Sertifika ya asili iwekwe kwa notere, au kwa avoka mliyemchagua wote wawili, kwa hati ya kuweka amana inayosema itatoka kwa masharti gani. Mpelekee konservatere barua pamoja na kopi ya mkataba, na ubaki na kopi yako yenye muhuri wa kupokelewa. Halafu kila baada ya miezi sita rudi ofisini uulize tena yale mambo manne ya mwanzo. Ni nusu siku ya kazi kwa kila mara.

Komisionere asishike sertifika hata kwa usiku mmoja.

Na lokatere waliomo?

Kabla ya kusaini, zungukia milango yote na uandike: jina, pango, ametoa garanti ya miezi mingapi, amelipa mpaka mwezi gani, ana mkataba au hana. Kisha kila lokatere atie sahihi kwenye karatasi yake. Ukimsikiliza muuzaji tu, utaambiwa wote wamelipa vizuri. Ukimwuliza mama wa mlango wa tatu, utajua kwamba muuzaji alikula miezi sita mbele.

Garanti ni deni. Siku lokatere anapotoka atakudai wewe. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inaweka garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Kwenye mfano wetu, milango mitatu ya 120 kwa miezi mitatu ni 1,080, na wa 150 ni 450, jumla 1,530. Kiasi hicho kitolewe kwenye avansi. Wanunuzi wengi wanasahau, na wanakuja kukilipa mara ya pili.

Pango lililolipwa mbele nalo ukate vivyo hivyo.

Halafu barua moja, imesainiwa na muuzaji, iende kila mlango: kuanzia tarehe fulani, pango linalipwa kwa fulani. Bila barua hiyo lokatere atalipa kwa anayemjua, na ana haki. Mkataba wa kupanga ulioandikwa kabla ya wewe kuja unauheshimu. Usinunue ukihesabu kwamba utawatoa wote mwezi wa kwanza na kupandisha pango.

Kodi inalipwa na nani wakati jina bado ni la muuzaji?

Mwenye kupokea pango ndiye anayelipa IRL, lakini ofisi ya kodi ya mkoa, DRHKAT, inaangalia jina ililo nalo. Mkataba useme wazi kwamba tangu tarehe fulani wewe unalipa, na umpe muuzaji kopi ya kila malipo ili asitafutwe. Kama lokatere wako ni kampuni au shirika, litakata asilimia 20 ya pango na kulipa lenyewe. Omba karatasi ya kukatwa kila mara, vinginevyo utalipishwa tena. Kiwango cha mwaka kiulizwe DRHKAT yenyewe, kwa sababu hii ni kodi ya mkoa.

Nilipe transhi kwa njia gani?

Kwa akaunti ya benki, ukitaja kwenye bordereau "transhi ya 7 kati ya 40, parsele nambari kadhaa". Kwa pesa ya simu inawezekana kwa kiasi kidogo, ila ujumbe wa simu unapotea na simu, uchapishe. Pesa mkononi iwe ya mwisho kabisa, na kwa resu iliyosainiwa mbele ya shahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari: kila miezi mitatu mkutane, mlinganishe jedwali, mtie sahihi kwenye salio.

Noti za dola zinaleta ugomvi wa kila mwezi. Yenye mpasuko, yenye wino, ya toleo la zamani, mtu anaikataa. Andikeni kwamba malipo ni noti nzuri zinazopokelewa na benki, au francs kwa bei ya kubadilisha ya siku hiyo ya benki fulani. Taja benki ipi.

Nikichelewa, anaweza kunitoa?

Si kwa nguvu zake. Hana haki ya kubadilisha kufuli, kukata umeme, kuwaambia lokatere wamlipe yeye, wala kuleta askari. Njia ni barua ya kukutaka ulipe (mise en demeure), mara nyingi kupitia wisiye (mpeleka barua wa mahakama), halafu mahakama ikiwa hamkusikilizana.

Jambo la kupigania kabla ya kusaini ni mstari unaosema "transhi zote zilizolipwa zinabaki kwa muuzaji". Ukikwama mwezi wa 18 umeshatoa avansi 12,000 na transhi 9,000, jumla 21,000. Kuzipoteza zote kwa sababu ya miezi miwili ya ukosefu ni dhuluma. Pendekezo la kuanzia mazungumzo: muuzaji abaki na asilimia 10 ya bei, yaani 3,200, pamoja na uharibifu uliothibitishwa, arudishe nyingine ndani ya miezi sita. Atavuta upande wake. Kitakachobaki kiandikwe kwa tarakimu.

Ukijua mwezi ujao hutaweza, mwambie mwezi huu, kwa maandishi, na utoe hata nusu. Muuzaji anayepigiwa simu bila kujibiwa ndiye anayekimbilia avoka.

Nyumba yenyewe niangalie nini?

Kiangazi cha Lubumbashi kinaficha mengi. Ukinunua Julai, ukuta umekauka na barabara ni vumbi tu. Tafuta mstari wa maji chini ya ukuta, rangi mpya sentimita 50 za chini peke yake, chumvi nyeupe kwenye matofali. Uliza majirani maji ya Januari yanapita wapi. Ingia juu ya dari uangalie mbao. Mchwa hula kimyakimya. Choo: lini kilinyonywa, na kiko umbali gani na kisima. Mita 15 ni chache, 30 ni afadhali.

Umeme ndio chanzo cha ugomvi wa lokatere. Milango minne kwenye mita moja maana yake ni malumbano kila mwezi juu ya nani ana hita. Kuweka mita ndogo kwa kila mlango ni gharama ya kutia kwenye hesabu tangu mwanzo. Karibu na Kasapa, upande wa chuo kikuu, wanafunzi hulipa vizuri lakini milango hukaa mitupu wakati wa likizo ndefu. Toa miezi miwili, si mmoja.

Komisionere anadai kiasi gani?

Patana naye kabla hajakuonyesha parsele, kwa maandishi, na useme kama muuzaji naye anamlipa. Nusu kwenye kusaini, nusu jina likishahamishwa. Mpango wa transhi unampa haraka ya avansi tu: akishapata chake, miezi 40 inayobaki si shida yake.

Niko nje ya nchi, naweza kununua hivi?

Unaweza, kwa procuration iliyothibitishwa ubalozini, ikitaja parsele hiyo tu na kiwango cha juu cha bei. Anayekuwakilisha asiwe yuleyule anayepokea pango. Ndugu wawili tofauti, daftari mbili tofauti.

Transhi ya mwisho imelipwa. Sasa?

Siku hiyohiyo muuzaji aandike quittance ya mwisho: amepokea bei yote, hadai tena. Kama jina lilishahamishwa mwanzoni, atie sahihi pia mainlevée, karatasi ya kufuta rehani, na wewe uipeleke kwa konservatere mara moja, maana rehani haifutiki yenyewe kwa kuwa deni limeisha.

Kama jina bado, notere atoe sertifika aliyoiweka, mwende pamoja ofisini na hati ya mauzo ya notere, vitambulisho, na malipo ya ofisi kwa note de perception (karatasi inayotaja kiasi cha kulipa) na benki, si mkononi mwa mtu. Sertifika ya zamani inafutwa, inatoka mpya kwa jina lako. Usiondoke dirishani kabla ya kusoma herufi za jina lako moja moja, nambari ya parsele, ukubwa, na ukurasa wa nyuma mahali panapoandikwa mizigo (rehani, vizuizi): pawe patupu.